Takhmisi, au Kutunga kwa Maneno ya Mwingine

Mwalimu wa Kurui, katika nchi ya Wazaramo, akiwaambia wanafunzi wake kwamba leo kila mtu na atunge shairi, huona jambo ambalo walimu wengi wamekwisha kuliona: vichwa vyainama, kalamu hazitembei, na baada ya saa nzima karatasi ni nyeupe vile vile. Na mmoja wao akithubutu kuanza kwa mstari alioukuta kitabuni au katika wimbo wa babu yake, huambiwa kwamba ameiba. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba hukumu hiyo haipatani na desturi ya watungaji wa pwani yetu, tena kwamba shairi mojawapo la kale la Kiswahili limetufikia kwa sababu alikuwako mtu aliyetwaa maneno yasiyo yake.

Shairi hilo ni la Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, ambaye habari zake husimuliwa tangu Pate mpaka mlango wa mto Tana. Juu ya zama zake wataalamu hawapatani. Lakini Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, twamjua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyetunga Al-Inkishafi. Yeye aliyashika maneno ya Liyongo juu ya ushujaa na heshima ya mwungwana, akayatia katika takhmisi.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, latokana na khamsa, yaani tano. Mtungaji huchukua mistari miwili ya mwenziwe kama ilivyo, akaiweka mwisho wa ubeti. Kisha hutunga mitatu ya kwake, yenye kina kilichopatana na ile, akaitanguliza mbele. Waarabu walifanya hivyo mara nyingi kwa Burda ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, na watu wa pwani wakajifunza kwao. Mtu asidhani kwamba ni kazi ya mvivu. Mtungaji wa kawaida huanza asijue atakakofika. Mwenye takhmisi aujua mwisho wake tangu mwanzo, maana umekwisha kusemwa na mwingine, naye hana budi kutafuta njia ya kuufikia. Akishindwa, msikiaji hutambua mara moja, kwa kuwa mistari mitatu husimama upande huu na miwili upande ule, kama wageni wasiosalimiana. Akiweza, maneno ya kale husikika kama jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza bado.

Edward Steere, kasisi wa misheni ya Unguja ambaye baadaye alikuwa Askofu, alilipiga chapa shairi hilo katika kitabu chake Swahili Tales, London, mwaka 1870. Maneno ya Liyongo yalimfikia yamo ndani ya takhmisi, kila mistari miwili imebebwa na mitatu ya Sayyid Abdallah. Aliyetwaa amekuwa mlinzi wa mwenye mali.

Wasomaji wetu makasisi watakumbuka kwamba Kanisa nalo lilikuwa na shauri la namna hii. Katika karne ya 4 mwanamke Mkristo wa Roma, jina lake Proba, alisimulia kuumbwa kwa ulimwengu na maisha ya Kristo kwa mistari 694, karibu yote imeokotwa katika mashairi ya Vergilius. Kwa Kilatini shairi kama hilo liliitwa cento, yaani nguo ya viraka. Mtakatifu Jeromu alizikemea kazi za namna hii akaziita mambo ya kitoto, na hati inayoitwa ya Papa Gelasius iliihesabu kazi hiyo pamoja na vitabu visivyokubaliwa. Walakini kwa karne nyingi watu waliendelea kuinakili na kuisoma. Kwa maoni yangu Jeromu hakukosa kabisa. Proba alimkata Vergilius vipande, akamsemesha asilolijua. Sayyid Abdallah alimwacha Liyongo mzima, na kila msomaji aweza kuweka kidole penye mstari akasema, hapa aanza Liyongo.

Sasa turudi Kurui. Misheni ya Waberlini ilifika Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, ikaleta shule na vitabu. Lakini maneno ya kuokota hayamo vitabuni tu. Kanga ya kila mama ina maneno yake juu ya pindo la chini, na mara nyingi yakatika vipande viwili, kana kwamba yalingoja takhmisi. Mwanafunzi na ayanakili nyumbani, ayalete, ayaandike chini kabisa ya karatasi, kisha apande juu kwa mistari mitatu ya kwake. Karatasi haitakuwa nyeupe tena, naye atakuwa na mtu wa kujibizana naye. Vitendawili na mithali za Kizaramo zafaa vile vile, mradi asigeuze neno la mwenyewe ili apate kina, kosa ambalo wanafunzi hulifanya upesi na walimu hulisamehe upesi mno.

Lakini jambo moja lataka uangalifu. Si kila neno lililosikika ni la kuokotwa. Nyimbo za mkole, ambazo mwali wa Kizaramo hufundishwa na wanawake, zina wenyewe, wala mvulana aliyezisikia nyuma ya ukuta hakupewa. Akileta mstari wa namna hiyo darasani, mwalimu asiuandike ubaoni, bali ampeleke mama mmoja kwa bibi mwenye wimbo akaulize. Huenda bibi akautoa mstari mmoja, akauzuia wa pili. Hapo ubeti na uwe wa mistari minne.