Sampo: sekunde 6 za dramu zilizozunguka dunia, mpigaji hakupata hata senti

Wiki iliyopita mshkaji wangu mmoja anayetengeneza biti alinisikilizisha ngoma yake mpya. Ndani yake kuna gitaa la zilipendwa, kalikata kutoka kwenye kanda ya zamani. Nikamuuliza, umeomba ruhusa? Akacheka: "Ah mwanangu, sekunde 3 tu, hazina kesi." Wengi tunaamini hivyo, kwa hiyo leo tuwekane sawa.

SAMPO NI NINI?
Ni kipande cha sauti kilichokatwa kwenye rekodi ya mtu na kuingizwa kwenye wimbo mwingine. Inaweza kuwa dramu, besi, gitaa au hata ukelele. Usichanganye na kupiga upya. Ukishika gitaa lako na kupiga muziki wa mtu, umechukua utunzi wake. Ukikata kutoka kwenye kanda, umechukua utunzi NA rekodi. Hizo ni haki mbili, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti. Kwa mfano, zilipendwa nyingi za Tanzania zilirekodiwa studio za Radio Tanzania (RTD), wakati watunzi walikuwa wanamuziki wa bendi.

ILIANZAJE?
Miaka ya 1970 kule Bronx, New York, madj kama Kool Herc walicheza santuri mbili za wimbo mmoja ili kurefusha sehemu ya dramu, maana hapo ndipo watu walipochizika. Baadaye mashine zikachukua kazi hiyo: SP-1200 ya E-mu mwaka 1987, na MPC60 ya Akai mwaka 1988. SP-1200 ilibeba sekunde 10 hivi tu! Wajanja wakawa wanairekodi santuri kwa spidi kubwa, halafu wanaishusha ndani ya mashine. Ule mlio mzito na mchafu wa hip hop ya zamani umechangiwa na ubahili huo wa nafasi.

KISA CHA GREGORY COLEMAN
Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya Washington, D.C. ilitoa singo yenye "Color Him Father" upande wa kwanza na "Amen, Brother" upande wa pili. Katikati ya huo wa pili wenzake wananyamaza, Coleman anapiga dramu peke yake kwa sekunde 6 hivi. Basi.

Kipande hicho kikaja kusampiwa kwenye maelfu ya nyimbo. N.W.A walikitumia mwaka 1988 kwenye "Straight Outta Compton". Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikiongeza spidi na kukikatakata, na muziki wa jungle ukajengwa juu yake. Watu wakatajirika. Coleman alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi, na hakuwahi kulipwa mrabaha wa sampo hizo. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alichangiwa na mashabiki zaidi ya pauni 20,000 mwaka 2015. Ule ulikuwa mchango wa hiari, haukuwa malipo ya haki yake.

MAHAKAMA ZINASEMAJE?
Mwaka 1991 rapa Biz Markie alishindwa kesi huko New York kwa kumsampo Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Mauzo ya wimbo yakapigwa stop. Mwaka 2005 mahakama moja ya rufaa Marekani ikasema hata kipande kidogo cha rekodi kinahitaji leseni. Lakini mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa, kwenye kesi ya "Vogue" ya Madonna, ikasema kipande cha sekunde 0.23 ni kidogo mno kuwa kosa. Yaani hata wao hawajakubaliana. Ila hakuna sehemu iliyoandikwa kwamba sekunde 3 ni bure. Hiyo ni stori ya kijiweni.

Bongo tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndio wasimamizi. Mtunzi akifa haki haifi naye. Inabaki kwa warithi wake kwa miaka isiyopungua 50.

UFANYEJE SASA?
1. Andika jina la wimbo na bendi siku hiyohiyo unapokata, usije ukasahau.
2. Mtafute mtunzi au familia yake, na pia mwenye rekodi.
3. Mkubaliane kwa maandishi KABLA wimbo haujatoka. Ukishahiti, bei inapanda.
4. Ikishindikana, piga muziki wako mwenyewe.

Yule mshkaji nilimsimulia habari za Coleman, akanyamaza. Mzee aliyepiga lile gitaa bado yuko hai, na anaishi mitaa ya karibu tu. Jumamosi tunakwenda kumwamkia na kumsikilizisha. Akikataa, biti inafutwa, na jamaa amekubali.

Nyie mnaonaje? Mzee adai hela ngapi? Mwageni maoni hapo chini, matusi hapana.