Kamera ya Kuchinja

Fundi wa kamera katikati ya jiji la Nairobi hana stoo ya spea kama ya duka la magari. Ana katoni. Ndani yake mna Yashica isiyo na kioo, Pentax iliyowahi kuanguka majini, Canon ambayo mwenyewe aliileta zamani na hakurudi. Ukimpelekea kamera yako, ataibonyeza na kuisikiliza, ataipindua, kisha ataingiza mkono kwenye katoni kutafuta maiti ya aina hiyo hiyo. Akiipata, una bahati. Ataichinja, atoe gia au skrubu, na yako irudi kazini. Asipoipata, atakwambia maneno ambayo sisi wenye kamera za zamani tunayajua sana: spea haziko.

Kwani spea huenda wapi? Kamera zenyewe zilitengenezwa kwa mamilioni. Zenit-E ya Muungano wa Sovieti peke yake ilipita milioni tatu. Pentax K1000, ambayo ndiyo ninayotumia, ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, nayo pia ikapita milioni tatu. Si ati vitu hivi ni adimu. Ukifuatilia historia yake utaona kwamba kukosekana kwa spea mara nyingi hakuhusu ufundi. Kunahusu vita, sheria na biashara: nani alishika mashine za kutengeneza kile kipande kidogo, na aliamua kumpa nani.

Hadithi inayoonyesha jambo hili vizuri ni ya Contax. Mwaka 1936 kampuni ya Zeiss Ikon ya Dresden, Ujerumani, ilitoa Contax II, mpinzani mkubwa wa Leica. Shata yake, yaani ule mlango mdogo unaofunguka kuruhusu mwanga kufika kwenye filamu, ilikuwa ya vipande vyembamba vya shaba vilivyoungana, kama milango ya chuma ya maduka inayokunjwa kwenda juu asubuhi. Mlango huo ulivutwa na tepe mbili za hariri. Shaba hudumu, lakini hariri huchakaa. Tepe ikikatika, kamera ya bei ghali inageuka pambo la kabati.

Februari 1945 Dresden ilishambuliwa kwa mabomu na kiwanda kikaharibiwa. Vita vilipoisha, Wasovieti walidai fidia. Hawakuchukua pesa tu. Walichukua utengenezaji mzima wa Contax. Mashine, michoro na vipuri vilipelekwa Kiev, kwenye kiwanda cha Arsenal. Mwaka 1947 ikatoka kamera iliyoitwa Kiev, na zile za mwanzo kabisa zilijengwa kwa vipuri vya Kijerumani. Ilikuwa Contax iliyobadilishwa jina na pasipoti.

Wakati huo, upande wa Magharibi, Zeiss Ikon ilianza upya mjini Stuttgart. Mwaka 1950 ikatoa Contax IIa, nzuri na ndogo kuliko ile ya zamani. Lakini ndani ilikuwa imesukwa upya kabisa, na vipuri vyake haviingii kwenye Contax ya kabla ya vita. Hebu mfikirie mtu mwenye Contax ya 1936 iliyokatika tepe. Kamera mpya yenye jina halali haimsaidii. Inayoweza kumsaidia ni Kiev, ile ambayo wengi waliiita nakala ya bei rahisi. Arsenal iliendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1980 bila kuibadilisha sana, na hadi leo kuna mafundi wanaonunua Kiev kwa lengo moja tu, kuichinja ili Contax iishi.

Vita vilihamisha vipuri kwa nguvu. Kulikuwa pia na njia ya amani. Mwaka 1949, Dresden hiyo hiyo, upande wa Mashariki sasa, ilitoa kamera ambazo lenzi yake inazungushwa na kukaza kama kifuniko cha chupa. Upana wa tundu ni milimita 42, kwa hiyo watu wakaliita M42. Praktica waliutumia mtindo huo. Pentax wa Japani wakaufuata mwaka 1957, kisha Yashica, Fujica, Chinon, na Zenit pia. Dunia ilikuwa imegawanyika kwa Vita Baridi, lakini lenzi ya Ujerumani Mashariki iliingia kwenye bodi ya Kijapani bila kuulizwa inatoka kambi gani. Lenzi yako ikiharibika, unatafuta M42 yoyote. Ndiyo maana lenzi hizo bado zinazunguka kwenye masoko ya mitumba.

Utaratibu huo ulikuja kuachwa. Kampuni zilitaka kila mmoja awe na mlango wake na ufunguo wake. Pentax waliacha M42 mwaka 1975. Mwaka uliofuata Canon wakatoa AE-1, kamera yenye kompyuta ndogo ndani. Picha zikawa rahisi kupiga, bei ikashuka, na wengi wakafurahi. Lakini kwa fundi hesabu ilibadilika. Gia ya shaba anaweza kuichonga kwa tupa akiwa na subira. Saketi ya kielektroniki hawezi kuichonga. Ikifa, dawa ni AE-1 nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti.

Hata betri ina historia yake. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri ndogo ya zebaki yenye volti 1.35, ambayo nguvu zake hazikuyumba hadi siku ya kuisha. Mita ya mwanga ilizitegemea hizo volti. Lakini zebaki ni sumu. Watu wa Minamata, Japani, walilipa kwa maisha yao, na ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri hizo mwaka 1996, na nchi nyingine zikafanya vivyo hivyo. Marufuku hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Ila ukiweka betri ya kisasa ya volti 1.55, mita nyingi hudanganya na picha zinatoka na makosa. Wajanja wakagundua kwamba betri ya kifaa cha kusaidia kusikia inakaribia volti zile za zamani. Tatizo ni kwamba ukishabandua karatasi yake inaanza kuishiwa, uitumie usiitumie. Kwa hiyo kuna kamera zinazoona kwa msaada wa betri ya masikio.

Hadi hapo, spea zilikosekana kwa sababu kiwanda kilikufa, kilihama au sheria iliingilia kati kuokoa watu. Mwaka 2012 likaja jambo la aina nyingine. Nikon, kampuni iliyo hai na yenye stoo, iliwaandikia mafundi wa Marekani kwamba kuanzia Julai 13 haitawauzia vipuri wale ambao haijawaidhinisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba kamera za kisasa zinahitaji vifaa maalumu na upimaji maalumu. Machi 2020 hata mpango wa mafundi walioidhinishwa nchini humo ukafungwa. Spea zilikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa.

Wapo waliopinga. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza, ikatiwa saini Desemba 2022. Lakini inahusu vifaa vilivyotengenezwa kuanzia Julai 2023. Kamera nyingi tunazonunua huku ni za mkono wa pili au wa tatu, zimeshazeeka kabla hazijapanda meli. Sheria hiyo haizigusi.

Na huku ndiko uchungu unakoonekana. Mpiga picha wa harusi anayeanza ananunua kamera kwa mkopo wa chama. Shata ikigoma wikendi mbili, ameshapoteza kodi ya nyumba. Akienda dukani, nimeyasikia haya kwa masikio yangu, anaambiwa kutengeneza ni ghali, anunue mpya tu. Anayesema hivyo huenda anasema kweli kuhusu bei. Ila bei hiyo kuna mtu aliipanga.

Basi anayebaki ni yule fundi na katoni yake. Watu hupita wakadhani ni takataka, kumbe ndiyo stoo pekee tuliyo nayo, na haijaandikwa popote. Fundi akizeeka na watoto wake wakaliuza lile katoni kwa kilo, gia za K1000 zinaenda kuyeyushwa pamoja na masufuria, na kamera kadhaa nzima mjini zinakuwa zimehukumiwa bila wenyewe kujua. Kwa hiyo ukiwa na kamera mbovu ya mzee nyumbani, usiitupe. Mpelekee fundi, hata kama hutaki akutengenezee. Mwambie ni ya kuchinja.