Konokono waliodhaniwa wa baharini

Ukitoka Rumonge kwenda Nyanza-Lac, nchini Burundi, upande wa kushoto ni michikichi na milima, upande wa kulia ni Ziwa Tanganyika. Hakuna geti, hakuna tiketi, wala kibao cha kukuambia kwamba hapa pana historia ya kale. Asiyejiandaa ataona mchanga, mitumbwi na ndagala walioanikwa, kisha ageuze. Atakuwa amekanyaga makombe yaliyowagombanisha wataalamu wa Ulaya kwa miaka mingi.

Wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Baadaye wakapanda mitumbwi, wakafuata ufuo wa mashariki hadi pwani ya Burundi, ndipo wakavuka kwenda Ubwari na Uvira. Speke alirudi kwao na makombe ya konokono. Mtaalamu wa makombe S. P. Woodward alipoyaeleza London mwaka 1859, alishangaa: mengine yalifanana mno na ya baharini, ilhali yametoka kwenye maji baridi, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi.

Kitendawili hicho ndicho kilichomleta mwanabiolojia J. E. S. Moore mwaka 1896, na tena mwaka 1899. Katika kitabu chake cha 1903, *The Tanganyika Problem*, alishikilia kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya enzi za dinosaria, na konokono wake ni visukuku vilivyo hai. Dai hilo lilivutia watu wengi, lakini halikuwa kweli. W. A. Cunnington, aliyeongoza msafara wa tatu mwaka 1904 na 1905, alilipinga. Leo ziwa linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12, na konokono hao wametokana na mababu wa maji baridi, wakabadilikia humu humu.

Kwa nini basi wafanane na wa baharini? Okota kombe la *Lavigeria*, mmoja wa konokono wa ziwa hili, ulitazame vizuri. Ni nene, lina matuta, na mara nyingine utaona mshono uliopinda mahali mdomo wake ulipovunjika ukajengwa upya. Konokono huyo alivamiwa na kaa, akapona. Mwaka 1991 West, Cohen na Baron walionyesha kwamba kaa wa Tanganyika wana magando yenye nguvu ya kuponda makombe, na konokono nao wamezidi kuwa wagumu. Mapambano kama hayo ndiyo huwapa konokono wa baharini makombe mazito. Binafsi naona maelezo haya yanasisimua kuliko bahari ya Moore.

Mbali na makombe, kuna stromatoliti, mawe yanayojengwa tabaka kwa tabaka na vijidudu vinavyonasa chokaa majini. Tanganyika ina yaliyo hai na yaliyokufa zamani. Mwaka 1992 Casanova na Hillaire-Marcel waliyatumia ya kale kufuatilia jinsi ziwa lilivyopanda na kushuka. Na kweli hupanda na kushuka: lilipofurikia mto Lukuga mwaka 1878, lilianza kupungua, likashuka takriban mita 10 kabla karne haijaisha. Ndiyo maana mahali Stanley alipokutana na Livingstone, Ujiji, leo pako mbali na maji. Miaka ya karibuni mambo yamegeuka, na watu wa Rumonge na Gatumba wamehamishwa na mafuriko.

Kwa hiyo mgeni achague msimu. Maji huwa juu kabisa Aprili na Mei, na huwa chini mwezi wa Oktoba hivi, wakati ufuo ukiwa mpana. Akitaka kusoma kabla ya safari, vitabu vya Burton na Moore vimeshapita muda wa hakimiliki na vinasomeka bure mtandaoni. Zitafutwe pia ripoti za Nyanza Project, mafunzo ya utafiti yaliyoendeshwa Kigoma na Chuo Kikuu cha Arizona. Zimeandikwa na wanafunzi, kwa hiyo zinaeleweka. Anayesoma Kifaransa atafute matokeo ya msafara wa Wabelgiji wa 1946 na 1947. Sehemu ya konokono iliandikwa na Leloup.

Ukifika, waulize wavuvi mwaloni kabla hujaingia majini: wao ndio wanaojua mamba na viboko wako wapi. Mawe ya tabaka usiyavunje wala usiyabebe. Kila tabaka lina tarehe yake, na jiwe likishang'olewa mahali pake haliwezi tena kuonyesha maji yalifika wapi.