Mfumo wa taarifa za kijiografia na majivu ya kale ya volkano

Mfumo wa taarifa za kijiografia hupanga ramani, picha za setilaiti na vipimo vya mahali kwenye kompyuta ili visomwe pamoja. Wanajiolojia huutumia kufuatilia majivu ya volkano yaliyoanguka zamani, kisha yakafukiwa au kumomonyolewa.

Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, inaonyesha uzito wa kazi hiyo. Tabaka la majivu liitwalo KBS lilikadiriwa kwanza kuwa na miaka milioni 2.6, ubishi mkali ukazuka, na vipimo vya baadaye vikalishusha hadi karibu milioni 1.9. Umri wa visukuku vilivyo chini yake nao ukakadiriwa upya. Ndiyo maana mahali palipochukuliwa kila sampuli, kimo chake na kemia yake ni lazima viwekwe pamoja katika mfumo huo.

Udongo wa volkano hufuatiliwa pia mbali na volkano zenyewe. Chara, katika delta ya Mto Tana, haina volkano. Hata hivyo, mto huo huanzia Mlima Kenya na Nyandarua, milima iliyojengwa na volkano, na mafuriko hushusha udongo wa milima hiyo hadi deltani. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, husaidia kuchora njia hiyo. Lakini tope la delta limechanganyika na mabaki ya miamba mingine, kwa hiyo sampuli bado huchimbwa kwa mkono.