Mkono wa Mchoraji

Hapa Ituri twajua tangu zamani kwamba alama yaweza kumtaja mwenye kuiandika. Huko mwituni wanaume wa Wambuti hupiga gome la mti mpaka lilainike, nao wanawake hulichora kwa maji meusi ya matunda: mistari, vitone, mara pengine nafasi tupu. Hapana kielelezo wanachonakili.

Je, jambo hilo laweza kufundishwa darasani? Lilijaribiwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka wa 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua karakana ya picha iliyoitwa Hangari. Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya wazifuate, bali alitaka kila mmoja atafute njia yake. Basi Bela, Msara aliyetoka Chadi, aliacha burashi akatia rangi kwa ncha za vidole, kitone kando ya kitone. Mwenze Kibwanga alijaza picha vistari vifupi vinavyopishana, kama mkeka uliosukwa. Pilipili Mulongoy alipenda ndege, samaki na nyoka. Tena wote walichora wanyama na miti ya nchi ile ile, lakini hata majina yakifutwa utawatambua, maana kilichowatenga ni mkono, wala si kitu kilichochorwa.

Lakini yule Bwana tusimsifu kupita kiasi. Aliwakinga na picha za wageni kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kuamua moyo wa Mwafrika ulivyo. Mtu asiyeonyeshwa njia nyingine, je, amechagua? Nadhani nusu tu. Bruda Marc Wallenda, aliyeanzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi mwaka wa 1943, aliwafundisha vijana kuchonga na kuchora kwa taratibu za shule. Shule hiyo ilihamia Léopoldville mwaka wa 1949, nayo leo ni Chuo cha Sanaa cha Kinshasa.

Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954. Hangari ikaingizwa katika chuo alichokianzisha Mbelgiji Laurent Moonens mjini humo mwaka wa 1951, na Mwenze na Pilipili wakawa walimu. Sasa ikawapasa wao kusimama nyuma ya kijana mwenye burashi, na kuamua wamwonyeshe nini na wanyamaze wapi.