Jina Kwenye Santuri

Mchana mmoja wa kiangazi cha 1979, mjini Englewood, jimbo la New Jersey, kijana mnene aliyekuwa akioka piza aliacha jiko lake, akatoka nje na aproni yenye unga, akajipenyeza kwenye kiti cha nyuma cha gari lililoegeshwa mbele ya duka. Ndani ya gari alikuwamo mwanamke wa makamo pamoja na mwanawe, na kaseti yenye mdundo mtupu ilikuwa ikicheza. Mama alitaka kumsikia kijana akighani juu ya mdundo ule. Akaghani. Kijana mwingine aliyekuwa pale barabarani akajigamba kwamba yeye ni zaidi. Akaambiwa apande ajaribu. Wa tatu naye akasema asiachwe nyuma. Kwa jinsi wenyewe walivyokuja kusimulia, walishindana hadi mama akaona hana sababu ya kumwacha hata mmoja. Aliwachukua wote: Big Bank Hank, Master Gee na Wonder Mike. Ndio Sugarhill Gang.

Mama huyo ni Sylvia Robinson. Historia nyingi za hip-hop humpitia haraka, sentensi moja au mbili, kisha zinakimbilia kwa vijana waliokuja baada yake. Mimi naona hiyo si haki. Hip-hop kama muziki ilizaliwa na vijana wa Bronx. Hip-hop kama bidhaa, kitu kinachotiwa ndani ya bahasha ya karatasi na kuuzwa dukani, ilikulia mikononi mwa mwanamke huyu aliyekwisha kuvuka miaka arobaini. Na tangu siku ya kwanza, swali la nani aandikwe jina kwenye lebo ya santuri na nani asiandikwe limekaa ndani ya biashara hii kama kokwa ndani ya embe.

Sylvia alilijua swali hilo kabla ya hip-hop kuwapo. Alizaliwa miaka ya 1930 mjini New York, jina la kwao Sylvia Vanderpool, na akiwa na miaka 14 hivi aliacha shule akaanza kurekodi kwa jina la Little Sylvia. Baadaye alijifunza gitaa kwa Mickey Baker, fundi wa studio aliyeheshimiwa sana, na wawili hao wakawa Mickey & Sylvia. Mwishoni mwa 1956 walitoa "Love Is Strange", na mapema mwaka uliofuata ukakalia kilele cha chati ya R&B. Wimbo huo ulikuwa wa mwanamuziki Bo Diddley, na gitaa lake maarufu lilitokana na Jody Williams, mpigaji wa bendi ya Diddley. Lakini Diddley alikuwa na mgogoro na wachapishaji wake, kwa hiyo akausajili kwa jina la mkewe, Ethel Smith. Basi wimbo uliomtoa Sylvia ulibeba jina la mtu ambaye hakuutunga.

Halafu ikawa zamu yake yeye kukosa jina. Mwaka 1961 Ike na Tina Turner walivuma kwa "It's Gonna Work Out Fine". Sauti ya kiume inayojibizana na Tina humo ni ya Mickey Baker, wala si ya Ike. Sylvia alieleza kwamba gitaa alilipiga yeye, na kazi nzima ya uprodyuza aliisimamia yeye, ila jina lake halikuwekwa popote. Zama zile, mwanamke mweusi kuketi mbele ya mitambo na kuwaelekeza wanaume nini cha kupiga lilikuwa jambo ambalo kampuni hazikutaka hata kuliandika.

Dawa aliyoiona ni kuwa na studio yake. Yeye na mumewe, mfanyabiashara Joe Robinson, walivuka Mto Hudson katikati ya miaka ya 1960 wakahamia Englewood, wakajenga studio na kuanzisha All Platinum. Hapo ndipo ulipoonekana uwezo wake. Aliwaandalia The Moments wimbo wa "Love on a Two-Way Street", uliofika nafasi ya 3 kitaifa mwaka 1970. Aliandika "Pillow Talk" akimlenga Al Green. Green alipoukataa, aliuimba mwenyewe, na mwaka 1973 nao ukafika nafasi ya 3. Akampigia simu rafiki wa zamani, Shirley Goodman, wakatoa "Shame, Shame, Shame", wimbo wa disko uliochezwa kona nyingi za dunia. Mwaka 1975 All Platinum ikanunua hazina ya rekodi za Chess ya Chicago, kampuni ileile iliyokuwa imemrekodi Bo Diddley. Lakini ununuzi na ukuaji huo uliandamana na madeni na kesi, na miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea ukingoni, nyumba ya All Platinum ilikuwa inaanguka.

Hilo lazima msomaji alikumbuke anapofika mwaka 1979. Sylvia alikuwa mfanyabiashara anayezama, anatafuta ubao wa kushikilia.

Ubao aliupata Harlem, katika klabu ya Harlem World, Mtaa wa 116. Alikwenda kwenye sherehe, akamkuta dijei Lovebug Starski akizungumza na umati juu ya muziki. Anasema neno, watu wanaitikia. Anawaambia warushe mikono, mikono inaruka. Kwa waliotoka Bronx hilo halikuwa jipya. Walikuwa nalo tangu Agosti 11, 1973, usiku ambao DJ Kool Herc alipiga muziki katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue. Ila wengi wao waliliona kuwa jambo la usiku na la ukumbini. Nani angenunua santuri ya mtu anayeongea juu ya santuri ya mtu mwingine? Na sherehe ya saa nne utaibanaje kwenye plastiki? Kundi la Fatback lilikwisha kuweka ughani kidogo katika "King Tim III" mwaka huohuo, lakini kama kionjo tu, si kama mlo.

Sylvia aliwatazama wanaoitikia. Hili nalipa uzito mkubwa, kwa sababu ndilo linalomtofautisha mfanyabiashara wa muziki na shabiki wa muziki: shabiki humsikiliza anayeghani, mfanyabiashara husikiliza ukumbi.

Kurekodi kwenyewe kulikuwa kazi ya mikono. Mdundo ulichukuliwa kutoka "Good Times" ya kundi la Chic, wimbo uliokuwa ukitamba msimu uleule. Mashine za kukata kipande cha muziki na kukirudia hazikuwa zimefika studio kama zile, kwa hiyo ilibidi binadamu apige kipande kilekile tena na tena bila kuchoka. Kundi la Positive Force liliitwa kusaidia. Chip Shearin, aliyekuwa na miaka 17, amesimulia kwamba kazi yake ilikuwa kupiga gitaa la besi kwa dakika 15 hivi mfululizo bila kukosea, na malipo yake yakawa dola 70. Mfikirie kijana huyo: vidole vinaanza kuuma dakika ya tano, vinakufa ganzi dakika ya kumi, na bado haruhusiwi kukosea. Kilichopatikana, "Rapper's Delight", kilikuwa na urefu wa dakika 14 na nusu.

Santuri ilitoka Septemba 1979 chini ya kampuni mpya, Sugar Hill, iliyobeba jina la mtaa wa Harlem walikokaa Weusi wenye uwezo. Sehemu ya mtaji ilitoka kwa Morris Levy wa Roulette Records, mtu aliyejulikana kwa ukaribu wake na mafia na ambaye mwaka 1988 mahakama ilimtia hatiani kwa njama za kutoza watu fedha kwa vitisho. Benki hazikuwa zikimngojea Sylvia mlangoni. "Rapper's Delight" ulipanda hadi nafasi ya 36 katika chati kuu ya Marekani na nafasi ya 3 nchini Uingereza. Watu ambao hawakuwahi kuiona Bronx sasa walijua kwamba kughani ni muziki. Miaka kumi na miwili baadaye, Dar es Salaam, Saleh Jabir alishika njia hiyohiyo, mdundo wa mwingine na maneno yako mwenyewe, akatoa kanda ya Kiswahili mwaka 1991, na wazee wetu wakaupa mtindo huo jina la muziki wa kufokafoka.

Sasa nirudi kwenye majina. Hank, yule kijana wa piza, hakuwa mtunzi. Alikuwa meneja wa Grandmaster Caz, mmoja wa waghani hodari wa Bronx, na alipopata nafasi alikwenda kwa Caz kuomba mistari. Caz akampa daftari lake achague. Hank alichukua mashairi kama yalivyoandikwa, bila kubadili hata jina: ndani ya santuri anajitambulisha kwa lakabu ya Caz, Casanova, tena anaitaja herufi kwa herufi. Yaani sahihi ya mwenye mali imo ndani ya mali iliyochukuliwa, na kila anayeucheza wimbo ule anaisikia.

Nile Rodgers wa Chic naye aliusikia, akiwa klabu ya usiku mjini New York. Yeye na mwenzake Bernard Edwards walitishia kwenda mahakamani, mambo yakamalizwa kwa makubaliano, na majina yao yakaandikwa kama watunzi. Wao walikuwa na kampuni kubwa nyuma yao na mawakili. Caz alikuwa na daftari. Hakulipwa.

Siwezi kumtetea Sylvia katika hili. Mtu aliyenyimwa jina lake mwaka 1961 alipaswa kuwa wa kwanza kuuliza mistari hii ni ya nani. Lakini pia siwezi kukubaliana na wanaomweka pamoja na wezi wa kawaida wa biashara hii, kwa kuwa waliomzunguka walikuwa wakipita milango hiyohiyo aliyoifungua. The Sequence, wasichana watatu wa Columbia, South Carolina, walipata nafasi ya kumwimbia Sylvia nyuma ya jukwaa, pale Sugarhill Gang walipotembelea mji wao. Kabla mwaka 1979 haujaisha walikuwa na santuri yao sokoni, kundi la wanawake waghani, tena si wa New York. Mmoja wao alikuja kujulikana baadaye kama Angie Stone. Prodyuza gani mwingine wakati ule angewasikiliza?

Kisha akawachukua Grandmaster Flash and the Furious Five kutoka Enjoy, kampuni ya Bobby Robinson wa Harlem, ambaye hakuwa ndugu wa Sylvia wala wa Joe. Mwaka 1982 Ed Fletcher, mpigaji wa studio ya Englewood, alikuwa na wimbo mzito kuhusu maisha ya mtaa uliochakaa. Flash na wenzake hawakuutaka. Watu wanakuja kucheza, walisema, nani anataka kukumbushwa shida zake? Sylvia hakurudi nyuma. Melle Mel pekee alikubali, akaghani pamoja na Fletcher, na wimbo ukatoka kwa jina la kundi zima. Huo ni "The Message". Flash, ambaye jina lake linaongoza kwenye lebo, hakupiga wala kughani ndani ya wimbo huo. Na bado, bila ukaidi wa mama huyu, hip-hop ingeweza kubaki muziki wa sherehe kwa miaka mingi zaidi. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoteua rekodi zake 50 za kwanza za kuhifadhiwa milele, ya hip-hop ilikuwa moja tu, "The Message".

Kuanguka kwa Sugar Hill hakuhitaji maneno mengi. Mwaka 1983 Flash alikwenda mahakamani kudai fedha, na ugomvi ukagusa hata haki ya kutumia jina lake. Mwaka huo kundi la Run-DMC lilikuja na midundo mikavu ya mashine, na bendi ya studio ya Englewood ikaanza kusikika ya kizamani. Mkataba wa usambazaji na kampuni ya MCA uliishia kwenye kesi, na hazina ya Chess ikabaki MCA. Katikati ya miaka ya 1980 Sugar Hill ilifungwa. Kampuni ya Rhino ilinunua rekodi zake mwaka 1995. Joe alifariki mwaka 2000. Studio iliteketea kwa moto mwaka 2002. Sylvia mwenyewe alifariki Septemba 29, 2011.

Rock and Roll Hall of Fame ilimtambua mwaka 2022 kwa tuzo yenye jina la Ahmet Ertegun, inayotolewa kwa watu wa nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka 11 kaburini. Grandmaster Caz kwa miaka mingi amekuwa akiwaongoza watalii kwenye mitaa ya Harlem na Bronx, akiwaonyesha hip-hop ilipoanzia. Jina lake halimo kati ya watunzi wa "Rapper's Delight".