Nanolita na nanomita ya ujazo
Vizio viwili vya ujazo vyenye kiambishi awali nano-, yaani sehemu moja kati ya bilioni moja, lakini visivyolingana.

Nanolita (nL): kiambishi hugawanya lita yenyewe. Lita 1 = nL 10⁹.

Nanomita ya ujazo (nm³): kiambishi hugawanya mita kwanza, ndipo urefu unapopandishwa kwenye kipeo cha tatu. Mita 1 ya ujazo = nm³ 10²⁷; lita 1 = nm³ 10²⁴.

Mfano: Kijiko cha chai cha mililita 5 hujazwa na nL 5,000,000, au nm³ 5 × 10²¹.

Tanbihi: nL 1 = nm³ 10¹⁵. Mfasiri anayeandika “nanolita” badala ya “nanomita ya ujazo” hukuza kipimo mara trilioni elfu moja.